Usibuni kisu, wala usikifiche
Malalamiko yanayotufikia kuhusu timu za pamoja za polisi na wahudumu wa afya ya akili, zinazoitwa kwa simu mgonjwa wa akili anapozidiwa, ni yaleyale: "Tuliomba muuguzi, tukaletewa askari." Mara nyingi sababu iko kwenye maneno ya mpiga simu.

Kuna wanaotaja kisu ambacho hakipo ili gari liwahi. Linawahi kweli, ila askari wanatangulia na muuguzi anasubirishwa mbali mpaka eneo liwe salama. Wengine wanakificha kilichopo kwa kumhurumia mgonjwa. Askari akikutana nacho ghafla, hatua tatu mbele yake, hana tena muda wa maneno. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na simu za dharura kwa kawaida hurekodiwa. Kukosea kwa hofu si uongo. Kubuni kisu ni uongo.

Taja alichoshika, chumba alichomo, aliye naye, alichokunywa au kumeza, dawa aliacha lini, na kama anasikia vizuri. Hilo la mwisho husahaulika sana, na kiziwi asiyetii amri huonekana mkaidi. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla kwa mwenye kisukari, homa au jeraha la kichwa, kutaje hivyo hivyo. Sukari ikishuka sana mtu hufoka na kupigana, na dawa yake si pingu.

Mfumo wa kuwaandaa askari kwa dharura za afya ya akili, ulioanzia Memphis, Marekani, mwaka 1988, huwapa mafunzo ya saa 40. Hayawafanyi kuwa madaktari. Eneo likiwa salama, askari anarudi nyuma, redio inapunguzwa sauti, mlango hauzibwi, na anaongea mtu mmoja tu. Ndugu mnaodakia kutoka dirishani, tafadhali nyamazeni.

Ikibidi ashikwe, halazwi kifudifudi na kukandamizwa mgongoni, maana kifua hushindwa kupanuka. Anageuzwa ubavu mara moja. Akisema hapumui, asiambiwe kwamba anayeongea anapumua.

Msaidizi rika, ambaye naye yumo katika timu, si mgonjwa tuliyemwajiri kwa huruma, kama tunavyoulizwa. Ni mtu aliyepitia hali hiyo, akapata nafuu, akafunzwa. Haandiki dawa wala hafungi mtu pingu. Kazi yake kubwa huja siku zinazofuata: kumtembelea mgonjwa na kumsindikiza kliniki. Akipiga hodi, msimwambie kwamba mgonjwa amelala ili tu aondoke.