Mche wa njano kitaluni: funua nyasi kwanza, urea baadaye

Masika yakianza, simu nyingi zinazonifikia kutoka Tengeru na Usa River huuliza jambo moja: miche ya kabichi imekuwa ya njano, mirefu na myembamba kama uzi, je, tuweke urea? Nami huuliza: nyasi mlizofunikia mbegu kitaluni mmezifunua lini?

Mche ulioota gizani hauumwi. Una akiba ndogo ya chakula kutoka kwenye mbegu, na karibu yote huitumia kurefusha shina ili uufikie mwanga. Kutengeneza kijani gizani kungekuwa hasara.

Hata hivyo, maandalizi huwa yameshaanza. Ndani ya seli za majani mna vifuko viitwavyo etioplasti, vyenye utando uliosukwa kama kimia. Humo malighafi ya klorofili (rangi ya kijani ya majani), iitwayo protoklorofilaidi, imeshikwa na kimeng'enya, yaani protini ya kuigeuza, kisichofanya kazi mpaka kipate mwanga. (Miche ya misonobari ina njia nyingine, huwa kijani hata gizani. Kabichi, maharage na mahindi hazina njia hiyo.)

Mwanga ukiingia, malighafi iliyokuwa tayari hugeuzwa mara moja. Wakati huohuo fitokromu, protini inayotambua mwanga mwekundu, huamuru shina lipunguze kurefuka na majani yakunjuke. Kimia kinafumuka na kuwa tando bapa, protini za kunasa mwanga zinapachikwa humo, na etioplasti inakuwa kloroplasti, kifuko cha kijani kinachotengeneza chakula cha mmea kwa mwanga. Baada ya saa chache utaona ukijani, ingawa mtambo mzima wa kazi hiyo, usanisinuru, huchukua muda zaidi kukamilika.

Hapo ndipo penye hatari. Protoklorofilaidi ikizidi, jua kali huifanya izalishe oksijeni ya aina inayounguza seli. Kwa hiyo funueni mara miche mingi inapochomoza, tena jioni, kisha wekeni kichanja cha kivuli chepesi kwa siku chache. Kufunua saa sita mchana ni kuichoma.

Anayeshuku mbolea hakosei sana, maana kila molekuli ya klorofili ina atomi 4 za naitrojeni. Ila upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya chini, yaliyokomaa. Mche wa gizani huwa wa njano wote, tena mrefu kupita kiasi. Ukikaa kwenye mwanga siku kadhaa bila kubadilika, hapo tuzungumze mbolea.

Ukitaka kushuhudia, otesha maharage kwenye kopo ndani ya kabati lenye giza. Miche ikirefuka, itoe asubuhi uiweke kivulini penye mwanga, kisha iangalie tena jioni.