Bahari inapopata joto: shamba la mwani linahamia kina kirefu, nani atalifuata?

Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji ya pwani ya mashariki ya Unguja hukupwa sana kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Kwa kuwa bamvua hufuata mwezi, kupwa huko huangukia saa zilezile mwezi baada ya mwezi, jua likiwa linapanda utosini. Mkulima wa mwani huzitegemea saa hizo, maana ndizo zinazomwezesha kufika shambani kwa miguu. Lakini ndizo pia zinazouua mwani wake: maji machache yanayobaki nyuma ya mwamba yanaweza kupita nyuzi 35 za selsiasi, na kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, huanza kudhoofika joto likizidi nyuzi 30.

Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Kotonii ndiyo iliyokuwa na fedha, kwa sababu karajinani yake, yaani ute wa mwani unaotumiwa viwandani kugandisha vyakula na bidhaa nyingine, huganda imara na viwanda huilipia zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa Unguja, na wakulima wengi wamebaki na spinosamu, aina nyingine ya mwani, ambayo hustahimili joto zaidi lakini bei yake ni ya chini. Tatizo jingine limo ndani ya mbegu yenyewe. Mbegu ya mwani ni tawi lililokatwa, kwa hiyo mashamba ya leo yamejaa matawi ya matawi yaliyoletwa miaka ile, na udhaifu wa shina moja ni udhaifu wa shamba zima. Mwani wa asili unaoota wenyewe kwenye miamba yetu unastahili kutafutwa, kujaribiwa na kulindwa kuanzia sasa.

Dalili ya kwanza ya joto ni tawi kupauka, kisha kuwa jeupe na laini, halafu kukatika. Wakulima wengi huuita ugonjwa wa aisi-aisi. Bakteria huonekana hapo, lakini aghalabu huingia baada ya mmea kuchoshwa na joto, jua kali au maji ya mvua yaliyopunguza chumvi. Ukiona weupe, vuna mapema kilicho kizima, kata mbegu kwenye ncha changa zenye rangi nzito, na usipande tena kamba ileile kabla ya kuisugua na kuianika. Kosa la kawaida ni kuvuna kile kizuri chote kwa ajili ya kuuza na kubakiza kilichochoka kiwe mbegu.

Hasara yenyewe haionekani kwa macho mpaka uipigie hesabu. Kamba ya mita 10, vipando vikiachana sentimita 20, hubeba vipando 50. Kila kipando kikiwa na gramu 100, umeweka kilo 5 za mbegu. Mwani ukikua asilimia 5 kwa siku, baada ya siku 42 kamba ina karibu kilo 39. Ukitoa mbegu ya msimu unaofuata zinabaki 34, na zikikauka kwa uwiano wa nane kwa moja utapata kilo 4 na kidogo. Ukikua asilimia 2 kwa siku, kamba ileile ina kilo 11 na nusu. Ukitoa mbegu na kukausha, hufikishi hata kilo moja. Kazi ni ileile, kamba ni ileile, mgongo unaoinama ni uleule.

Dawa inayopendekezwa ni kuhamia kina kirefu, ambako maji hayabadiliki joto kwa haraka. Chagua mahali penye mita 2 au zaidi hata maji yakikupwa kabisa, mchanga chini, na mkondo wa wastani. Fremu hujengwa kwa kamba nene ya milimita 10 hadi 12, pembe nne zikiwa na nanga. Kamba za mwani hufungwa ndani yake, zikielea karibu nusu mita chini ya uso wa maji kwa msaada wa madumu matupu yaliyofungwa vizuri. Wengine hutumia neti za mrija: mwani hujazwa ndani, matawi yakachomoza kwenye matundu, na wimbi likipiga hayaanguki ovyo kama yale yaliyofungwa kwa tai-tai, yaani vikamba vyembamba.

Fremu nyingi hupotea kwa sababu ya nanga. Jiwe la zege la kilo 50 likizama lina uzito wa takriban kilo 29 tu, kwa kuwa maji hulibeba sehemu yake. Vilevile, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hufikia mita 4. Palipo na mita 2 wakati wa kupwa, patakuwa na mita 6 maji yakijaa, na kamba ya nanga inafaa iwe mara tatu ya kina hicho kikubwa, yaani mita 18. Ikiwa fupi, maji yakijaa huing'oa nanga au kuyazamisha madumu. Ndiyo maana fremu mbili zisikaribiane: maji yakipungua, kamba hulegea na fremu husogea hadi kugongana. Kagua vifundo kila wiki. Angalia pia tasi, samaki anayependa mwani mchanga; usiweke vipando vidogo pale wanapoonekana kwa makundi.

Si lazima kuhama mwaka mzima. Miezi ya kaskazi ndiyo ya joto kali, basi fremu za kina zitumike wakati huo, na kusi likianza kuvuma kwa nguvu mbegu irudishwe maji ya karibu, ambako mwamba unavunja mawimbi na maji yamepoa.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Zaidi ya asilimia 80 ya wakulima wa mwani Zanzibar ni wanawake, na wengi wao hawajui kuogelea. Shamba likisogea kutoka magotini hadi mita 2, anayeweza kulifikia ni mwenye boti, na mara nyingi huyo ni mwanamume. Serikali ya Zanzibar iliunda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi baada ya uchaguzi wa 2020, na boti zimegawiwa kwa vikundi. Hatua hiyo ni njema, lakini boti peke yake haimpeleki shambani asiyejua maji. Mafunzo ya kuogelea na jaketi za kuelea yawekwe kwenye bajeti ileile ya kamba na madumu, tena yatangulie. Maeneo ya kina nayo yaainishwe kwa ramani mapema, kabla hoteli, wavuvi na njia za boti za watalii hazijayachukua.

Kikundi kinachopokea boti kiandike kwanza mambo matatu: jina la kikundi kwenye usajili, lisiwe la mtu; nani anashika funguo za mashine; na fungu la kila mauzo linalowekwa kwa mafuta na matengenezo. Wanachama wote watie saini kabla boti haijashushwa majini.