Kichwa kimebonyea, atawekewa nini? Maswali kuhusu kuziba pengo la fuvu

Mdogo wangu alianguka na bodaboda, akatolewa kipande cha mfupa wa kichwa. Kwa nini walikitoa?

Ubongo ulioumia huvimba, na fuvu halitanuki. Kipande huondolewa ili ubongo upate nafasi. Uvimbe ukiisha, baada ya wiki kadhaa au miezi, pengo huzibwa. Si urembo tu: wapo wanaosumbuliwa na kizunguzungu, maumivu ya kichwa, hata mkono kulegea, na pengo likizibwa wanapata nafuu.

Si wamrudishie mfupa wake?

Hilo ndilo la kuuliza kwanza. Mfupa hutunzwa kwenye friza ya baridi kali, hata nyuzi 80 chini ya sifuri, au hushonewa chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Ndiyo, tumboni, ukipapasa unaukuta. Pasipo na friza ya uhakika, sijaona ghala bora zaidi. Ukirudishwa hukaa sawasawa mahali pake. Ila mwili huweza kuula taratibu, hasa kwa watoto, na uliosagika au kuingia uchafu haufai.

Jirani anasema atawekewa "bati".

Hiyo ni titani, aina ya metali: wavu mwembamba, haushiki kutu, unafungwa kwa skrubu ndogo. Kipimo cha MRI, kile cha picha za sumaku, kinawezekana, ingawa picha huweza kuharibika kidogo karibu na chuma. Wengine hulalamika kuwa jua kali linapowapiga wanahisi joto hapo. Ngozi ya juu ikiwa nyembamba, wavu unaweza kuchomoza.

Na hii saruji ya mifupa?

Si ya kujengea nyumba! Ni akriliki, ya ukoo mmoja na ile ya kutengenezea ufizi wa meno ya bandia. Unga wake huchanganywa na kimiminika chenye harufu kali. Mwanzoni ni kama uji, mara unakuwa donge kama la chapati, na daktari ana dakika chache tu za kulifinyanga. Likianza kuwa gumu linatoa joto linaloweza kupita nyuzi 70, ndiyo maana humwagiwa maji baridi ya chumvi ili lisiunguze ubongo. Huweza kupasuka likigongwa. Watu huidharau kwa kuwa ni rahisi. Mimi siidharau, mradi mikono inayoifinyanga imeizoea.

PEEK je?

Ni plastiki ngumu inayochongwa kwa vipimo vya sitiskani (picha ya CT) ya mgonjwa mwenyewe. Haisumbui na joto, wala haiharibu picha. Kikwazo ni bei.

Ipi haipati maambukizi?

Hakuna. Akipata homa, kidonda kikitoa usaha au mshono ukiachia, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo. Mara nyingi kilichowekwa hutolewa, dawa zinatumika, na safari ya kuziba inaanza upya miezi kadhaa baadaye. Wakati huo wote asilalie upande wenye pengo, na bodaboda asipande.