Si kweli kwamba timu ya hoki ya Flin Flon ilikuwa ya wazawa watupu

Katika makundi sogozi ya wapenda michezo hurudi kila mara ujumbe usemao kwamba timu ya vijana ya hoki ya barafuni ya Flin Flon, mji mdogo wa migodi nchini Kanada, ilitwaa Kombe la Memorial, ubingwa wa hoki ya vijana wa Kanada, mwaka 1957 na kutoa nyota wakubwa bila kumtegemea mchezaji yeyote wa kutoka nje.

Kombe lilitwaliwa kweli, tena baada ya fainali ya michezo saba dhidi ya vijana wa Ottawa. Suala la wazawa ndilo lisilo sahihi. Kati ya nyota wawili waliong'ara hapo mwishoni mwa miaka ya 1960, ambao baadaye walitwaa pamoja Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini (NHL), mwaka 1975 wakiwa na timu ya Philadelphia, mmoja, Bobby Clarke, alizaliwa Flin Flon, lakini mwenzake, Reggie Leach, alitoka Riverton, mbali kusini mwa jimbo hilohilo la Manitoba. Anayetaka kuhakikisha afungue orodha ya wachezaji wa msimu wowote, kisha asome safu ya mahali pa kuzaliwa.

Mkanganyiko unaeleweka, kwa kuwa katika hoki ya vijana mgeni hupokelewa na familia ya mjini, akala mezani kwao na kusoma shule ya hapo, na wengine Flin Flon walipewa hata kazi mgodini; mtazamaji angewatofautishaje? Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze, bali mweleze aliyekutumia alikotoka Leach.