Abunuwasi wa hekaya na Abunuwasi wa kweli

Watoto wengi wa pwani, na wa bara waliosoma Kiswahili shuleni, wamekua na visa vya Abunuwasi, yule mjanja wa hekaya. Mtaje mbele ya watu wazima leo, utaona nyuso zinachangamka na kila mmoja ana kisa chake. Lakini wanayoyasema juu ya mtu mwenyewe mengi hayako sawa, na naona tunamdhulumu.

Dhana: Abunuwasi ni wa kubuni, kama Sungura na Fisi.

Ukweli: Aliishi. Jina lake ni Hasan bin Hani, aliyezaliwa Ahwaz, nchi ya Iran ya leo, katikati ya karne ya 8, mama yake Mwajemi. Alilelewa Basra, akafa Baghdad mnamo 814 hivi. "Abu Nuwas" ni lakabu, inayohusishwa na vishungi vya nywele vilivyokuwa vikimning'inia. Baghdad ina barabara yenye jina lake, kandokando ya mto Tigris.

Dhana: Alikuwa mchekeshaji wa Sultani.

Ukweli: Hapa ndipo panaponiuma. Alikuwa mshairi, na Waarabu wanamhesabu miongoni mwa washairi wao wakubwa kabisa. Mashairi yake ya mvinyo na ya uwindaji yanasomwa hadi leo. Inasimuliwa kwamba mwalimu wake, Khalaf al-Ahmar, alimkataza kutunga mpaka ahifadhi maelfu ya beti za watu wa kale. Akaenda, akahifadhi, akarudi kuzighani. Mwalimu akamwambia: haya, sasa zisahau zote, ndipo utunge. Mtu aliyepikwa hivyo tunamwitaje chizi wa ikulu? Ulimi wake ulimponza pia, akatiwa gerezani. Na ingawa hekaya hazimtoi ubavuni mwa Harun Rashid, khalifa wa Baghdad, neema kubwa zaidi aliipata kwa mwana wa Harun, Amin, aliyetawala kuanzia 809 hadi 813.

Dhana: Visa vyote vilimtokea yeye.

Ukweli: Chukua kile cha sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kijisufuria ndani. "Sufuria yako imezaa," anasema, na jirani anapokea vyote viwili bila kuuliza. Siku nyingine anaazima tena, harudishi. Jirani akija kudai, anaambiwa sufuria imekufa. "Sufuria hufa?" "Ulikubali kwamba imezaa. Kinachozaa hufa." Kisa hichohicho Waturuki wanamsimulia Nasreddin, na Waarabu wanamsimulia Juha. Wasimulizi walikuwa na hazina moja ya visa, na kila mji ulimvisha mjanja wake.

Dhana: Ni hadithi za watoto, tena zinafundisha utapeli.

Ukweli: Angalia wanaonaswa na ujanja wake ni nani: tajiri na Sultani. Maskini aliyeshtakiwa kwa kuifurahia harufu ya chakula cha tajiri anaokolewa na Abunuwasi, anayelipa deni kwa mlio wa fedha. Hayo ni maneno ya watu wazima barazani, na watoto waliyasikia kwa kuwa walikuwa wamekaa papo hapo mkekani.

Dhana: Basi ni mali ya Waarabu, sisi tulitafsiri tu.

Ukweli: Hii ndiyo dhana ninayoipinga kwa nguvu zaidi, na ushahidi wangu ni kile kisa cha nyumba ya angani. Sultani anamwamuru Abunuwasi ajenge nyumba hewani. Anatengeneza tiara, anaifunga kengele na kuirusha juu kabisa. Watu wakisikia kengele inalia mawinguni, anawaambia: mafundi hao wameshaanza kazi, wanagonga. Kisha anamwendea Sultani: mafundi wanadai vifaa, waamuru watu wako wawapandishie. Askari wanasimama wakitazama juu, hakuna anayejua pa kukanyaga, na Sultani anaishiwa maneno. Nilivyosimuliwa mimi, na ndivyo wengi tulivyosimuliwa, vifaa vilivyodaiwa ni mawe na chokaa. Baghdad ya Harun Rashid ilijengwa kwa matofali, ya udongo mbichi na ya kuchomwa, maana mawe kule ni ya shida. Mawe na chokaa ni ujenzi wa Lamu, Mombasa na Unguja: matumbawe yaliyochongwa na chokaa iliyochomwa kwenye tanuri la kuni.