Asali iliyoiva ni ipi?

Muuzaji akikuapia kuwa asali yake haina maji hata tone, usimwamini. Kila asali ina maji. Iliyoiva ni ile ambayo nyuki wenyewe wameyapunguza hadi haiwezi kuchacha.

Kwenye maua nyuki hachoti asali. Anachukua mbochi, maji matamu ambayo mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji matupu. Huutia vimeng'enya vinavyoigawa sukari yake kuwa glukosi na fruktosi. Akifika mzingani humtemea mwenzake, naye humpa mwengine, mpaka mbochi uingie kwenye vitundu vya sega. Hapo nyuki hupunga mbawa mchana na usiku ili maji yapae. Yakibaki kama asilimia 18 hivi, kitundu huzibwa kwa nta. Nta hiyo ndiyo alama ya kuiva.

Unguja na Pemba kazi hii ina mashaka yake, hasa masika, hewa inapojaa unyevu. Asali nayo hunyonya unyevu: hata iliyoiva, ukiacha chupa wazi, itaongezeka maji. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, kiitwacho Codex, kinataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida. Yakizidi sana, chachu za asili huamka, asali ikafanya povu na kunuka kama tembo la mnazi lililolala. Kuganda ni jambo jengine kabisa. Ile ni glukosi inayofanya chenga, na asali halisi huganda. Wanaoikataa kwa sababu hiyo wanaionea bure.

Na hii inayouzwa kwa jina la asali ya karafuu? Mie ningeuliza maswali kwanza. Karafuu huchumwa ingali tumba, kwa hivyo nyuki huambulia maua yaliyosalia mtini tu. Malisho yake mengine ni minazi, miembe na, pwani, mikoko. Maua ya mchu, aina mojawapo ya mkoko, huwapa mbochi mwingi.

Ndiyo maana kukata mikoko kwa makaa na majengo kunawafikia nyuki moja kwa moja. Dawa ya wadudu ikipulizwa asubuhi maua yakiwa wazi, huwaua wakiwa kazini. Lakini baya zaidi, kwa maoni yangu, ni kurina kwa mwenge: mrinaji huchoma nyuki, kisha hukomba masega yote, yaliyozibwa, yasiyozibwa na yenye majana, yaani watoto wa nyuki. Asali hiyo ina maji mengi na utomvu wa majana, haikai. Kundi likinusurika huhama.

Mrinaji anayeijua kazi hutumia moshi kidogo, akafunua sega moja moja. Lililozibwa karibu lote hulikata. Lenye vitundu vingi vilivyo wazi hulirudisha, na la majana haligusi.