Opera ya Senti Tatu haikuandikwa na Brecht peke yake

Wengi wanaamini kwamba Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Ujerumani aliyeegemea Umaksi, aliitunga peke yake Die Dreigroschenoper, yaani Opera ya Senti Tatu. Si kweli, na inaniuma, kwa sababu jina hilo moja limemfunika mwanamke aliyefanya kazi kubwa.

Elisabeth Hauptmann ndiye aliyeitafsiri kwa Kijerumani The Beggar's Opera ya Mwingereza John Gay, iliyochezwa London mwaka 1728. Juu ya tafsiri hiyo ndipo Brecht alipojenga. Muziki ni wa Kurt Weill. Hata baadhi ya nyimbo ni mashairi ya Mfaransa François Villon, wa karne ya 15, yaliyochukuliwa kutoka tafsiri ya Kijerumani ya K. L. Ammer. Mhakiki Alfred Kerr alipolifichua hilo mwaka 1929, Brecht alikiri kwamba katika mambo ya hakimiliki yeye ni mlegevu.

Tazama mkataba wao wa mapato: Brecht asilimia 62.5, Weill 25, Hauptmann 12.5. Yaani aliyeleta mbegu aliambulia thumni!

Simwiti Brecht mwizi. Makali ya kisiasa ni yake, na mwaka 1934 aliigeuza hadithi hiyohiyo kuwa riwaya inayowachambua wafanyabiashara bila huruma. Lakini kila bango la onyesho linalotaja jina lake tu, kwangu mimi, lina pengo, na pengo hilo lina jina: Elisabeth Hauptmann.